Kifutu Hakimbii: Jifunzeni Kumwona Mbele ya Kumkanyaga

USALAMA NA AFYA: Somo la mwisho wa kiangazi



Baridi ya mwezi wa sita na wa saba imekwisha. Asubuhi si kali tena. Miti ya pori inatoa majani mapya, mekundu kama shaba, hata kama mvua haijanyesha tone moja. Watu wanashika jembe na kurudi mashambani. Katika siku hizi nyoka naye anarudi njiani.

Somo la leo lina neno moja la kushika. Nyoka wengi, wakisikia mguu wa mtu, wanakimbia. Kifutu hakimbii. Analala pale pale, anyamaze, angoje upite. Ukipita pembeni, hutajua hata kidogo kwamba alikuwapo. Ukimkanyaga, anauma. Basi kazi ya kuona si yake, ni yako. Na kuona kunafundishwa, sawa na vile fundi wa mashini anavyofundishwa kusikia ubaya wa injini mbele haijavunjika.

1. Kwa nini majira haya?

Nyoka, mjusi, kenge na kinyonga hawana moto wao wenyewe mwilini kama sisi. Joto lao linatoka kwa jua na kwa udongo. Miji yetu, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, iko juu, kupita metri 1.000, na usiku wa kiangazi baridi inauma kweli. Siku zile nyoka anakaa ndani ya shimo, ndani ya kichuguu au chini ya mawe, na kutoka kwake ni kidogo.

Kutoka mwisho wa mwezi wa nane udongo unaanza kupata moto. Nyoka anatoka kuota jua, kisha anatafuta chakula. Wakati ule ule mioto ya pori imekwisha kula majani. Nyoka aliyepona moto amepoteza kificho chake, anakwenda kutafuta kingine: rundo la mawe, bustani, mfereji, ghala. Mvua za kwanza zinapokuja, maji yanaingia katika mashimo, kumbikumbi wanaruka, vyura wanatoka, na nyoka wanafuata.

Na sisi watu tunafanya nini katika miezi hiyo? Tunasafisha mashamba, tunakata kuni, tunachoma makala. Mvua ikifika, mama na watoto wanaingia porini kuokota uyoga na viwavi vya kula. Nyoka anatoka na mtu anatoka, nao wanakutana katika njia moja.

2. Mjue kifutu

Wengine wanamwita moma, wengine piri, na kila lugha ya kwetu ina jina lake. Alama zake ni hizi:

Mwili ni mnene na mfupi. Mara nyingi hafiki metri moja au anaipita kidogo, lakini unene wake ni kama mkono wa mtu mzima. Mkia ni mfupi sana.

Kichwa ni kipana, shingo ni nyembamba. Kichwa kinaonekana kama kimebandikwa juu ya mwili.

Mgongoni kuna alama nyeusi zenye ukingo wa manjano, zimepangwa moja nyuma ya nyingine kutoka shingoni hadi mkiani, kila moja kama herufi V. Ncha ya V inaelekea mkia. Kwa mbali zinafanana na majani makavu. Kwa karibu utaona kwamba majani hayapangwi sawa hivyo.

Akikasirika anavimba na kutoa sauti: fffff, kama upepo unaotoka katika bomba la hewa lililotoboka. Ukiisikia sauti hiyo, usitafute bomba kwa mkono!

Anatembea polepole, mara nyingi moja kwa moja kama kiwavi. Lakini anapopiga, jicho halimfuati. Meno yake ya sumu ni marefu, yanapita sentimeta moja.

Hana mayai, anazaa watoto hai, mara nyingi 20 hadi 40 kwa mara moja. Mtoto wa kifutu ana sumu tangu siku ya kuzaliwa. Msiwaache watoto wenu wamchezee kwa sababu ni mdogo.

Watu wengi wanasema: «Mimi ninatembea na mbwa wangu, atamnusa.» Msitegemee hivyo. Mwaka 2015 wataalamu wa Afrika ya Kusini walitangaza kazi waliyoifanya na mbwa waliofundishwa kunusa. Mbwa wale walitambua harufu ya nyoka wengine, lakini kifutu aliyelala akingoja windo walishindwa kumtambua. Ndiyo kusema, mnyama huyu anajificha kwa macho na kwa pua pia. Yanabaki macho yako tu, na toshi yako.

3. Namna ya kutazama

Tazama hatua mbili tatu mbele ya mguu wako. Anayetazama mbali haoni kilicho chini, na anayetazama vidole vyake amekwisha kuchelewa.

Usitafute «nyoka». Mtu anayetafuta kamba ndefu yenye kichwa hataona kifutu, kwa sababu kifutu amejikunja kama mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Tafuta kitu kilichopangwa vizuri mno: V, V, V katikati ya majani yaliyotupwa ovyo.

Soma vumbi. Kifutu akivuka njia, anaacha alama pana iliyonyoka, kama mtu aliyeburuta mfuko mdogo. Nyoka wengine wanaacha alama ya kupindapinda. Soma alama hizo asubuhi, mbele ya magari na miguu ya watu haijazifuta. Ngozi kavu ya nyoka iliyotupwa nayo ni barua: inasema mwenyewe anatumia pahali hapa.

Sikiliza ndege. Ndege wadogo wakikusanyika na kupiga makelele juu ya kichaka kimoja au mti mmoja, tazama juu mbele ya kupita chini yake. Mara nyingi wanamtukana nyoka.

Jua saa. Asubuhi, jua likianza kuwaka, nyoka anaota pembeni ya njia, juu ya mawe, mlangoni mwa kichuguu. Mchana wa moto mkali anaingia kivulini. Jioni na usiku kifutu anatoka kuwinda, na barabara iliyokula jua mchana kutwa inampendeza kwa joto lake. Wewe unayetoka zamu ya usiku au unayekwenda zamu ya asubuhi, hiyo ni saa yake. Washa toshi, vaa viatu vilivyofunikwa, usikate njia katika majani.

4. Pahali pa kuchunguza

Kazini. Nyoka anapenda kitu kilichokaa bila kuguswa: mbao za zamani, mipira ya magurudumu, mabomba yaliyolala, makasha ya valvu, mashimo ya kebo, chumba cha pampu. Sheria ni moja: mkono hauingii pahali ambapo jicho halijaingia. Tumia toshi, tumia fimbo au chuma kirefu, vaa ganti za ngozi. Unapoinua ubao au lata, inua upande wa mbali ili ubao wenyewe ukukinge. Viatu vya usalama mlivyopewa ni kwa mawe na chuma, lakini vinakinga pia juu ya kifutu, maana mara nyingi anapiga mguu na chini ya goti.

Nyumbani. Panya anamwita nyoka. Ukiacha unga na mahindi wazi, unalisha panya. Ukilisha panya, unamkaribisha anayemla. Kateni majani kuzunguka nyumba. Kuni zisiegemee ukuta. Ziwekeni mbali kidogo, juu ya mawe. Zibeni mashimo chini ya mlango. Usiku, mtu anayekwenda choo atembee na taa. Anayelala chini alale ndani ya chandarua kilichopachikwa vizuri chini ya mkeka: kinamkinga na mbu, tena na nyoka anayepita.

Shambani na porini. Mbele ya kukaa juu ya gogo, zunguka gogo. Mbele ya kuokota uyoga, fungua majani kwa fimbo, si kwa vidole. Kichuguu si kiti wala si mchezo wa watoto: ndani ya mashimo yake kuna wapangaji wengi. Anayebeba mzigo kichwani haoni miguu yake. Mwenzake asiye na mzigo atangulie.

5. Wengine wa kuwajua

Koboko. Ni mrefu, anaweza kupita metri tatu, mwembamba, mwepesi. Rangi yake ni ya kijivu au ya udongo. Weusi uko ndani ya kinywa. Anakaa katika vichuguu, mashimo ya miti na mapango ya mawe. Sumu yake haivimbishi sana, inalegeza: kope zinaanguka, ulimi unakuwa mzito, pumzi inakwisha. Hapo saa moja ni nyingi.

Swila. Anasimama, anapanua shingo, na kutema sumu akilenga macho, metri mbili au zaidi. Macho yanawaka kama pilipili. Osha mara moja kwa maji mengi safi, dakika 15 hadi 20, ukifungua kope, kisha kuja dispanseri. Usisugue. Usitie majani wala dawa ya mti. Akiuma, sumu yake inaoza nyama.

Nyoka wa miti. Kuna wa kijani au wa udongo, mwenye macho makubwa, na mwingine mwembamba kama kijiti. Wote wawili ni wapole, na upole wao unadanganya. Sumu yao inazuia damu kuganda, na mgonjwa anaweza kujisikia mzima kwa saa nyingi.

Mweusi wa chini ya udongo. Ni mdogo kama penseli nene, anatoka usiku baada ya mvua. Watu wanamshika nyuma ya kichwa wakifikiri hawezi kugeuka. Yeye anachoma kwa jino la pembeni, bila kufungua kinywa. Hakuna namna ya kumshika vizuri. Msimshike.

Na wasio na hatia? Kinyonga hana sumu, ijapo watu wengi wanamwogopa kuliko koboko. Mjusi wa ukutani anakula wadudu wa nyumba yako bila mshahara. Kenge anaweza kuuma na kupiga mkia, lakini si wa kuua mtu. Chatu hana sumu. Wako pia nyoka wengi wadogo wanaokula panya tu. Lakini kama hujui ni nani, mpe nafasi kama ni mbaya.

6. Ukimwona

Simama. Rudi nyuma polepole, hatua tano au zaidi. Kama ni swila, geuza uso na kinga macho. Ita wenzako wasipite, zuia watoto, ita kapita au watu wa usalama. Mwache njia ya kukimbilia.

Usimfuate kwa fimbo. Watu wengi wanaumwa wakitaka kuua nyoka aliyekuwa anaondoka. Na nyoka aliyekufa, hata kichwa kilichokatwa, kinaweza bado kuuma kwa muda. Msikichezee.

7. Akiuma

Tuchukue mfano wa watu wawili, wote wameumwa na kifutu mguuni saa kumi na mbili jioni.

Wa kwanza alifungwa kamba ngumu juu ya goti. Akachanjwa kwa wembe, akawekewa jiwe jeusi. Usiku ukapita. Asubuhi jamaa wakauliza nani amemtuma nyoka huyu, wakaenda kumtafuta anayejua mambo hayo. Siku ya pili akaletwa hospitali, mguu umekuwa mweusi kutoka kamba hadi vidole.

Wa pili alilazwa chini pale pale. Wakamvua kiatu, wakaunyoosha mguu na kuufunga pamoja na ubao, bila kukaza. Wakamchukua kwa machela mpaka motokari. Saa mbili usiku alikuwa mbele ya muganga.

Nyoka ni yule yule, sumu ni ile ile. Tofauti ni saa. Sumu ya kifutu inavimbisha, inatoa malengelenge, inaoza nyama, inaweza kutoa damu. Kamba inafungia sumu hiyo pahali pamoja, tena inanyima mguu damu: mguu ambao sumu ingeuacha, kamba inaumaliza. Wembe unafungua mlango wa damu isiyoganda. Na jiwe jeusi, ambalo kwa kawaida ni mfupa uliochomwa, linanata juu ya kidonda kwa sababu linanyonya maji, lakini sumu iliyokwisha kuingia nyamani halinyonyi. Wanaolisifu walimwona mtu aliyepona. Lakini si kila kuumwa kunaingiza sumu, na mtu yule angepona bila jiwe.

Juu ya swali la nani amemtuma: kila familia ina imani yake. Lakini dawa ndiyo ya kwanza. Maneno mengine yangoje mgonjwa atoke hospitali.

Fanyeni hivi:

Mwondoeni mgonjwa pale nyoka alipo, kisha atulie. Asikimbie, asiendeshe baiskeli, achukuliwe.

Mvueni pete, bangili, saa, kiatu, mbele uvimbe haujaja.

Mguu au mkono usitikisike: ufungwe na ubao kama umevunjika.

Andikeni saa aliyoumwa. Kwa kalamu, wekeni alama ngozini pale uvimbe unapofika, na saa pembeni. Muganga atasoma hapo kama mwendo wa sumu ni wa haraka.

Akitapika au akilegea, alale kwa ubavu. Akishindwa kupumua, aliyefundishwa kusaidia pumzi aanze na asiache njiani.

Kwa maumivu, parasetamoli inaruhusiwa. Aspirini hapana, inazidisha kutoka damu. Pombe hapana. Mafuta ya petroli na umeme hapana.

Tumeni habari mbele, maana si kila dispanseri ina dawa ya kupinga sumu, na motokari isipoteze saa kuzunguka.

Msimlete nyoka. Mkiweza, semeni alivyokuwa: mnene au mwembamba, alisimama au alilala.

Hospitalini tunafanya nini? Tunatia damu kidogo katika chupa ya kioo, safi na kavu, tunaiacha dakika 20 bila kuitikisa. Tukiinamisha chupa na damu ikamwagika kama maji, tunajua sumu imeingia. Dawa yenyewe inatengenezwa kwa damu ya farasi waliozoezwa sumu kidogo kidogo. Waganga wa Ufaransa, kati yao Albert Calmette, waliifungulia njia mwaka 1894. Inapitishwa katika mshipa, muganga akiwa karibu, kwa kuwa inaweza kuleta mzio mkali. Kwa hiyo haitiwi nyumbani. Na mama wasishangae: mtoto anapewa kipimo sawa na mtu mzima, maana nyoka naye hakumpunguzia sumu.

Tena tunamweka mgonjwa siku nzima hata kama anasema «mimi mzima». Sikilizeni sababu. Karl P. Schmidt, Mmarekani, alikuwa mjuzi mkubwa wa nyoka. Kitabu chake cha mwaka 1923 kilihusu nyoka wa Kongo yetu. Tarehe 25 mwezi wa 9 mwaka 1957, kule Chicago, nyoka mdogo wa miti kutoka Afrika alimuuma kidole gumba. Hakuona hatari. Aliandika kwa kalamu yake namna alivyojisikia, hakwenda kutunzwa, na siku ya pili alikufa kwa kutoka damu. Kama mtu mwenye elimu ile alidanganywa na mwili wake, sisi tutajiaminije?

Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba kila mwaka watu 81.000 hadi 138.000 duniani wanakufa kwa nyoka, na tangu mwaka 2017 limeliweka jambo hili katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Wengi wao ni watu wa jembe na watoto wao.

8. Maswali ya kujipima

Msomeeni mtoto wa shule, ajibu bila kutazama.

Ncha ya V mgongoni mwa kifutu inaelekea wapi? (Mkiani.)

Unatazama hatua ngapi mbele? (Mbili tatu.)

Unainua ubao upande gani? (Wa mbali.)

Swila ametema machoni: unafanya nini kwanza? (Maji mengi, dakika 15 hadi 20.)

Kamba, wembe, jiwe jeusi: kipi ni kizuri? (Hakuna.)

Aliyeumwa anajisikia mzima: anabaki nyumbani? (Hapana, anakuja.)

Kateni sehemu ya «Fanyeni hivi», muibandike karibu na mlango, pamoja na njia ya kuita motokari ya hospitali. Na kesho asubuhi, mkienda kazini au shambani, anzeni somo kwa miguu: hatua mbili tatu mbele, macho chini.

Msaidizi wa muganga, dispanseri ya kambi